Besi Tamu Chumbani, Uji Ukumbini

Fundi mitambo wa ukumbi mmoja maeneo ya Kirumba aliwahi kunishushia fada (kitelezi cha volyumu kwenye miksa) ya gitaa langu la besi mpaka chini kabisa, katikati ya wimbo wa pili wa harusi. Nilinuna usiku ule. Wiki nzima nilikuwa chumbani kwangu Mabatini nikipanga pedali tano juu ya ubao: kompresa (hubana mipigo mikubwa ilingane na midogo), oktava (huongeza noti ileile kwa masafa nusu), distosheni (hukwaruza sauti), kichujio kile kinachofunguka chenyewe ukipiga uzi kwa nguvu, na ekwalaiza (hupandisha au kushusha masafa unayochagua) mwishoni. Chumbani kila kitu kilinguruma vizuri. Ukumbini sabufa zilianza kutoa "pwa, pwa" kama mtu anayepiga godoro juani, maneno ya MC yakapotea, na noti zangu zote zikageuka noti moja.

"Kaka, ile siyo besi, ule ni uji," fundi yule aliniambia tukiwa kwenye foleni ya pilau.

Alisema kweli, na hakuna pedali hata moja iliyokuwa mbovu. Kilichoniponza ni mazoea ya kugawana kazi. Wapiga besi wengi ninaokutana nao makanisani na kwenye bendi hapa Mwanza huona volyumu ni kazi ya fundi mitambo na "toni" ni kazi yao. Mpiga solo anaweza kuishi na mgawanyo huo. Kwenye besi hauwezekani, kwa sababu masafa (mitikisiko kwa sekunde, hupimwa kwa hezi) ya chini ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya nguvu ya sauti yetu. Ukigusa nobu ya masafa umegusa volyumu, na ukigusa volyumu ya pedali moja umebadilisha mlio wa pedali inayofuata.

Sakafu na dari

Kila kifaa unachopitishia sauti kina sakafu na dari. Sakafu ni kelele zake chenyewe, ule mchuruziko wa "shhh" unaousikia nyuzi zikiwa zimetulia. Dari ni volti ya juu kabisa kinachoweza kuitoa kabla wimbi halijagonga na kukatwa kichwa. Sauti inatakiwa ipite katikati, mbali na sakafu ila bila kugusa dari.

Tuhesabu kwa ubao wangu. Pedali ya kawaida inayotumia volti 9 haiwezi kutoa wimbi linalozidi volti 9 kutoka bondeni hadi kileleni, na IC (vipande vya elektroniki) nyingi za ndani hazifiki hata hapo, hubakiza volti moja au zaidi kila upande. Chukua volti 3 kwenda juu na 3 kwenda chini, hilo ndilo dari. Besi isiyo na betri, ukiipiga kwa vidole taratibu, hutoa sehemu tu ya volti. Ukiichapa kwa kidole gumba, kilele kinaweza kufika volti 1 na kuipita. Kompresa yangu nilikuwa nimeipa nyongeza ya desibeli 6, na desibeli 6 ni kuzidisha volti mara mbili. Halafu niliipanga ichelewe kushika, ili mpigo usikike mkali, maana yake kile kilele cha kwanza kilipita kizima kabla haijakibana, kikapewa na nyongeza juu. Tumefika volti 2. Kwenye ekwalaiza nilipandisha masafa ya chini desibeli 6 nyingine. Volti 4. Dari lilikuwa 3.

Hakuna nobu hata moja niliyokuwa nimeifungulia kupita kiasi. Haba na haba, kibaba kikafurika.

Na kinachogonga dari ni masafa ya chini karibu kila mara. Sikio la binadamu ni zito kwa sauti nene na jepesi zaidi kati ya kilohezi 2 na 5, pale zilipo herufi kali za maneno na kilio cha mtoto. Ili besi isikike sawa na solo, wimbi lake lazima liwe kubwa mara nyingi zaidi. Uzito huo wa sikio unazidi sauti inapokuwa ndogo, na ndiyo maana chumbani, usiku, huku unaogopa majirani, mkono huenda wenyewe kwenye nobu ya besi. Unaipandisha mpaka moyo uridhike. Kesho yake ukumbini sauti ni kubwa, sikio limeamka, lakini ile nyongeza ya chumbani bado ipo palepale kwenye nobu.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, panga upya ngazi zako. Anza kwenye besi yenyewe, volyumu yake ikiwa imefunguliwa yote, na upige kwa nguvu ile utakayotumia siku ya shughuli. Chomeka kwenye miksa yenye mita ya taa au namba. Zima pedali zote, piga noti moja kwa mpigo uleule mara nyingi, soma mita. Washa pedali ya kwanza, irekebishe volyumu ya kutokea mpaka mita irudi palepale. Zima, washa ya pili. Endelea hivyo mpaka ya mwisho, kisha ziwashe mbili mbili. Usitegemee sikio peke yake hapa, kwa sababu sikio hupenda kilicho kikubwa na kukiita kizuri. Distosheni hasa inadanganya: inajaza masafa ya kati, sikio linaona imepanda wakati mita inasema imeshuka. Kwa distosheni mimi huanza na mita, kisha namalizia kwa sikio nikiwa na ngoma zinazopigwa, siyo peke yangu.

Pedali zinazokubali volti 18 hupata dari la mara mbili, yaani desibeli 6 zaidi, lakini iwe imeandikwa kwenye pedali yenyewe. Isiyoandikwa usiijaribu. Harufu ya IC iliyoungua naijua.

Kuhusu besi zenyewe nipite haraka. Yenye betri ndani hutoa sauti yenye nguvu zaidi, na amplifaya nyingi zina tundu la pili au swichi ya kuipunguza. Itumie. Isiyo na betri ni dhaifu kwa namna nyingine: pikapu yake (siyo gari, ile sumaku iliyozungushiwa waya chini ya nyuzi) inataka kifaa cha kwanza kisichonyonya, chenye ingizo la megaomu 1 au zaidi. Waya nao hula masafa ya juu, na kila mita ina lake. Kama waya wako una mita 10 na besi inasikika kama imefunikwa blanketi, tatizo huenda siyo nyuzi kuukuu.

Wavu wa macho makubwa

Pale soko la samaki la Mwaloni hakuna asiyejua kwamba wavu wa dagaa na wavu wa sangara ni vitu viwili tofauti. Wavu wa macho makubwa hushika wakubwa na kuachia wadogo wapite. Kichujio cha kukata masafa ya chini ndicho hicho: kinayashika mawimbi marefu na kuyaachia mafupi yapite. Na marefu kweli, kwa sababu wimbi la uzi wa E likiwa hewani lina zaidi ya mita 8, kutoka mlimani hadi bonde na kurudi juu tena.

Mfano wa wavu unadanganya kwa jambo moja tu. Wavu huamua ndiyo au hapana, kichujio hakiamui hivyo. Ni mteremko, kama kuingia ziwani kwenye ufukwe wa mchanga: unalowa vifundo, magoti, kiuno. Kichujio cha desibeli 12 kwa kila oktava ukikiweka kwenye hezi 40, pale 40 penyewe kimeshapunguza desibeli 3. Ukishuka oktava nzima hadi 20, kimepunguza takriban 12, yaani imebaki robo ya volti. Chenye desibeli 24 kina mteremko mkali zaidi, kama mtu anayeteleza kwenye jiwe lenye mwani.

Sasa linganisha na nyuzi. E iliyo wazi iko kwenye hezi 41.2, A kwenye 55, D kwenye 73.4, G kwenye 98. Wenye nyuzi tano wana B kwenye 30.9. Nikishauri kichujio cha 40, mpiga besi mwenzangu huniangalia kama nimemwambia auze uzi wake wa E. Ila fanya jaribio hili: piga E hiyo kupitia spika ya simu, kitu ambacho hakitoi chochote cha maana chini ya hezi 200. Bado utajua ni E. Noti moja siyo wimbi moja, ina wenzake kwenye 82, 124, 165 na kuendelea, na ubongo ukiwasikia hao humjazia baba yao asiyekuwepo. Kwenye besi nyingi yule wa 82 ndiye mwenye nguvu kumzidi hata wa 41. Desibeli mbili tatu ukizipunguza hapo chini, ukumbi hautazikosa.

Chini ya 40 kuna nini basi? Hili nenda ukalione kwa macho. Toa kitambaa cha mbele cha spika yako ya besi, au mulika tochi ya simu kupitia wavu wa chuma. Fungua volyumu ya kawaida ya mazoezi. Usipige noti yoyote, weka tu kiganja juu ya nyuzi kama unayezizima, kwa kishindo kidogo. Tazama koni. Itaruka mbele na kurudi nyuma, na husikii karibu chochote. Kishindo cha kiganja, kidole kinapousukuma uzi karibu na pikapu, hatua zako kwenye jukwaa la mbao, vyote hivyo huzaa mawimbi ya hezi 10, 15, 20 ambayo hayana muziki ndani yake, lakini amplifaya haijui, inayakuza kama yalivyo.

Na spika inayalipia ghali. Ili koni itoe sauti ya ukubwa uleule kwa masafa yaliyoshuka oktava moja, inabidi isafiri mara nne zaidi. Oktava mbili, mara kumi na sita. Boksi lenye tundu mbele lina ubaya wa ziada: chini ya masafa lililopimiwa, hewa ya ndani haishikilii tena koni, inacheza kama mlango usio na komeo. Ile "pwa, pwa" ya Kirumba ndiyo hiyo, koni ikifika mwisho wa safari yake.

Halafu kulikuwa na pedali ya oktava. Nilikuwa nikiiwasha nikiwa kwenye uzi wa E. Nusu ya 41.2 ni 20.6, ambapo ndipo sikio la binadamu linapoishia. Nilikuwa nalipisha ukumbi umeme wa noti isiyosikika. Siku hizi oktava naiwasha kuanzia uzi wa D kwenda juu, ambako pia inafuata noti vizuri bila kutetereka.

Kichujio ukiweke mwanzo au mwisho wa mnyororo? Mwanzoni kinaokoa pedali: kompresa haishtuliwi na kishindo cha kiganja na kuzamisha sauti yote kwa kitu ambacho hakuna aliyekisikia. Mwishoni kinaokoa spika, hata na kile kilichozaliwa na pedali ya oktava. Nikiwa na kimoja tu, nakiweka mwanzoni, na cha mwisho namwomba fundi mitambo anifungulie kwenye miksa. Hapo lazima muelewane. Miksa nyingi za kawaida zina kitufe kilichofungwa kwenye hezi 80 au 100, kimetengenezwa kwa ajili ya maikrofoni za waimbaji. Akikibonyeza hicho kwenye besi umebaki na nusu ya gitaa. Miksa ya kidijitali humruhusu achague, mwambie 35 au 40.

Distosheni na kile kichujio kinachofunguka chenyewe

Distosheni ni kukata mawimbi vichwa kwa makusudi. Ukiilisha besi nzima, wimbi refu la chini ndilo linalofika darini kwanza, na yale madogo yaliyopanda mgongoni mwake yanakatwa pamoja nalo. Matokeo ni mkoromo usio na noti. Dawa ambayo wapiga besi wameizoea ni kugawa njia mbili: moja inabaki safi na kubeba chini ya hezi 200 hivi, nyingine inakatwa chini, inaingia kwenye distosheni, kisha zinakutana tena. Pedali nyingi za besi zina nobu ya kuchanganya inayofanya kazi hiyo ndani.

Kuna mtego hapo. Kichujio chochote hakipunguzi tu, huchelewesha pia, na kila masafa kwa kiasi chake. Vichujio viwili vya desibeli 12, kimoja kikikata juu na kingine chini kwa masafa yaleyale, hukutana pale mpakani vikiwa vimepishana nusu wimbi kamili: kimoja kinasukuma wakati kingine kinavuta. Wimbi moja linakula lingine na unabaki na shimo katikati ya sauti. Kama njia mojawapo ina swichi ya kugeuza fezi (kupindua wimbi juu chini), ibonyeze, sikiliza, ibaki upande ambao besi ina mwili. Sekunde tano zinatosha, na zimewahi kuniokoa nikiwa karibu kuuza pedali nzuri kabisa.

Upande wa juu nao. Spika ya besi isiyo na tuita (kispika cha sauti kali) huanza kuchoka kwenye kilohezi 3 au 4, na uchovu huo ni baraka kwa distosheni. Ukiipeleka sauti moja kwa moja kwenye miksa kupitia boksi la DI (kiunganishi cha gitaa na miksa), baraka hiyo haipo, na ukumbini unasikika mlio kama wadudu wa ziwani waliozingira taa ya baraza usiku wa mvua. Kata juu kuanzia kilohezi 4 au 5, na wadudu wanaondoka.

Kile kichujio kinachofunguka chenyewe ndicho kilichonifundisha kuwa nguvu na masafa ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Kinapima jinsi ulivyopiga kwa nguvu na kufunguka kwa kiasi hicho. Mimi nilikuwa nimekiweka nyuma ya kompresa, na kazi ya kompresa ni kufanya mipigo yote ilingane. Kikawa kinafunguka nusu muda wote, kama mlango wa duka uliobanwa na tofali. Nilipokitanguliza kabla ya kompresa kikaanza kuongea. Lakini kikaleta jingine: pale kinapofungukia kina mwinuko mkali ambao unaweza kupandisha masafa hayo desibeli 10 na zaidi, na mwinuko unatembea juu chini kila unapopiga. Ndiyo maana kompresa sasa inakaa nyuma yake, kama mlinzi wa getini.

Mvumo wa G

Umeme wetu ni wa hezi 50. Noti ya G kwenye kituo cha tatu cha uzi wa E ni hezi 49. Marekani, ambako umeme wao ni wa 60, mvumo wao unaangukia kati ya B bemoli na B. Kwetu umeangukia karibu kabisa na noti ambayo nyimbo nyingi za kanisani huishia. Ndugu yangu, mvumo huo usiuwinde kwa ekwalaiza. Ukichimba shimo kwenye 50, unaifukia na G yako.

Utafute unakoingilia. Adapta moja iliyogawiwa pedali tano kwa waya wa matawi ni mshukiwa wa kwanza, hasa ukichanganya za kidijitali, zinazonyonya miliampia mia na kuendelea, na zile za kawaida zinazoridhika na chache tu. Mshukiwa wa pili ni soketi. Wote tumewahi kuona plagi ya pini mbili ikiingizwa kwa msaada wa kalamu iliyochomekwa tundu la juu. Tundu lile ni la erthi, na kwa mtindo huo erthi haipo. Mvumo ni dalili ndogo kuliko zote, kubwa zaidi ni mwimbaji kupigwa shoti mdomoni na maikrofoni huku ameshika gitaa. Kwa hiyo kukata pini ya erthi "ili mvumo uondoke" hapana kabisa. Boksi la DI lina swichi ya kutenganisha erthi ya waya wa sauti, hiyo ndiyo ya kubonyeza.

Na distosheni hukuza kila inachopewa. Ikikuza besi desibeli 40, imekuza na mvumo desibeli 40. Safisha kabla yake, baada yake umechelewa.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna pedali itakayokuwekea sawa, nacho ni chumba. Kuta mbili za tofali zilizoachana mita 4 zinarudishiana wimbi la hezi 43 hivi, jirani wa F ya chini kabisa. Chumba changu cha Mabatini ndicho kipimo hicho. Wiki nzima nilikuwa naisifia F yangu kumbe nasifia kuta. Sasa napanga pedali nikiwa nimesimama mlangoni, spika ikiwa mbali na kona, na mtu mwingine apige ngoma ya mguu, kwa sababu ngoma ile inaishi palepale kati ya 50 na 80 na lazima mmoja wetu asogee. Kwa kawaida nasogea mimi, napandisha kidogo kwenye 100 hadi 200 ambako besi ina maneno yake.

Nobu zangu zina alama mbili za rangi ya kucha, niliyoikopa kwa mke wangu. Nyeupe ni ya chumbani. Nyekundu ni ya ukumbini, na kwenye nobu ya masafa ya chini nyekundu iko nyuma ya nyeupe kwa upana wa kidole.